Somo la Amri Chini ya Mwembe: Kiswahili na Parishi za Kianglikana za Arua na Koboko

Mwezi wa Januari, vyuo vikiwa vimefungwa na jua la West Nile likiwa limekausha kila kitu isipokuwa miembe, nilikwenda na wanafunzi wanane wa Idara yetu katika parishi moja ya Kanisa la Uganda, nje kidogo ya Arua. Kasisi alikuwa ametuomba tufundishe Kiswahili kwa wiki mbili: asubuhi vijana, jioni watu wazima. Jioni ya kwanza nilichukua zamu mimi mwenyewe ili wanafunzi wangu waone jinsi somo la kwanza linavyoendeshwa. Nilifanya kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha wengine kwa miaka mingi. Mwalimu anatamka kitenzi, anakionyesha kwa mwili, darasa linafuata. Simama. Kaa chini. Njoo hapa. Lete. Fungua mlango. Haraka.

Niliporudia "kaa chini" kwa mara ya pili, mzee mmoja wa mstari wa mbele aliinuka badala ya kukaa, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga. Akina mama wawili wakamfuata. Hakuna aliyecheka, na wale vijana waliokuwa wakichungulia nyuma wakanyamaza. Usiku, tukila, msomaji wa kanisa alinieleza kwa upole kwamba maneno yote niliyoandika ubaoni wazee wale walikuwa wanayajua tayari. Waliyasikia mwaka 1980, na hayakutoka kinywani mwa mwalimu.

Makala haya yametokana na jioni ile. Nilitaka kuelewa Kiswahili kiliingiaje katika uwanja wa parishi hizi, na kwa nini hadi leo kinakaa uwanjani na si mimbarini.

Kwanza neno lenyewe. Wasomaji wetu waliolelewa katika Ukatoliki watauliza kwa nini siandiki "parokia". Waanglikana wengi wa Afrika Mashariki husema "parishi", kutoka Kiingereza, na walio chini yake huita makanisa madogo ya vijijini "mitaa". Kanisa lenyewe ni la kiaskofu, yaani linaongozwa na maaskofu, kama lile la ng'ambo ya mpaka liitwalo Kanisa la Kiaskofu la Sudan Kusini, au lile la Marekani lenye jina kama hilo. Huko Marekani na Ulaya parishi huwa na shughuli za majira ya joto: kambi za watoto, karamu za bustanini, misaada kwa maskini wa mtaa. Arua hakuna majira ya joto. Kuna kiangazi, kuanzia Desemba hadi mvua za Machi au Aprili, na ndicho kipindi ambacho parishi huishi maisha yake ya pamoja. Mavuno yameingia, shule zimefungwa, barabara zinapitika. Watu hufyatua matofali ya nyumba ya kasisi, hukata nyasi za kuezekea, huoza vijana wao, hukutana kwa mikutano ya injili ya siku tatu au nne. Akina mama wa Umoja wa Akina Mama hubeba muhogo na ufuta kuwapelekea wajane na wagonjwa. Anayetaka kujua lugha gani inatumika kwa kazi gani, aende wakati huo.

Eneo hili halikuwa Uganda tangu mwanzo. Lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi aliyokodishwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909. Mwaka 1910 likawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Katika miaka mitano mtu wa Koboko aliweza kutawaliwa na serikali tatu bila kuhama nyumba yake. Wakakwa walibaki wamegawanyika katika nchi tatu, na sehemu iitwayo Salia Musala, karibu na Koboko, ndipo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana.

Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Arua mwaka 1918. Hawakutoka katika Chama cha Wamisionari cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilichokuwa Buganda, bali katika Africa Inland Mission, shirika la madhehebu mbalimbali lililokuwa tayari limeingia Kongo. CMS haikuwa na watu wala fedha za kwenda hadi West Nile, basi yakafanyika makubaliano: AIM ilete wafanyakazi, lakini kanisa litakalozaliwa liwe la Kianglikana. Ndiyo maana shirika lile lile lilizaa kanisa lenye askofu upande wa Uganda, na kanisa lisilo na askofu upande wa Kongo. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana lina kazi mbele.

Wakati ule nchi haikuwa tulivu. Nabii wa Kikakwa aitwaye Rembe alikuwa amewapa watu maji ya Yakan, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na mwaka 1919 yalitokea mapambano na serikali. Anayefundisha historia ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 hatahitaji maelezo zaidi. Ninalolitaja kwa ajili yetu ni kwamba askari wa serikali waliotumwa kuzima mambo kama hayo katika Uganda ya kikoloni walikuwa na lugha yao ya kazi, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, kando ya Kinubi cha askari wa Kisudani. Kwa hiyo Kiswahili na msalaba vilifika West Nile karibu wakati mmoja, ila kwa njia mbili tofauti, na havikusalimiana.

Havikusalimiana kwa sababu kanisa lilikwisha amua. Hapa kuna kinaya ambacho nadhani hatukifundishi vya kutosha. Huko Zanzibar, Waanglikana wa UMCA walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya ibada. Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, akawa askofu mwaka 1874, na hadi kifo chake mwaka 1882 alikuwa akitafsiri Maandiko huku kanisa kuu likijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa la Mkunazini. Huko Buganda nako, Alexander Mackay wa CMS, aliyefika mwaka 1878, alianza kusomesha katika mji wa Kabaka Mutesa kwa Kiswahili, akitumaini kwamba siku moja kingekuwa lugha ya Afrika ya Kati yote. Lakini Askofu Alfred Tucker, aliyefika mwaka 1890, aliandika kinyume chake kwa maneno makali sana: alikubali wazo la lugha moja, lakini si hiyo, kwa kuwa aliiona ni mlango wa Uislamu na wa upotovu. Kanisa moja, imani moja, na lugha ile ile: Zanzibar ni ya sala, Mengo ni ya hatari.

Mtazamo wa Mengo ndio uliotawala. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda, maaskofu wa Kianglikana na wa Kikatoliki, ambao kwa kawaida hawakukubaliana hata juu ya hali ya hewa, waliungana kupinga. Kabaka Daudi Chwa naye akapinga mwaka 1929. Kiswahili kilitumika kwa muda katika baadhi ya shule za kaskazini na mashariki, kisha mwaka 1952 kikaondolewa katika orodha ya lugha za Kiafrika zinazotambuliwa shuleni, kikabaki kwa polisi na jeshi. Kwa maneno mengine, serikali na kanisa kwa pamoja waliitenga lugha hii na daftari, wakaiachia bunduki peke yake. Halafu tunashangaa watu wanapoiogopa.

Sisemi kwamba wamisionari wa Arua walifanya vibaya kuchagua Kilugbara. Agano Jipya la Kilugbara lilitoka mwaka 1936 na Biblia nzima mwaka 1966, na ukisikia ibada ya asubuhi katika Kanisa Kuu la Emmanuel, Mvara, utaelewa kwamba hakuna lugha nyingine ambayo ingeweza kuwafikia watu wale namna ile. Koboko nako watu husali kwa Kikakwa. Mchungaji anayehubiri huko kwa Kiswahili, labda awe na mkalimani, atasikilizwa kwa adabu tu.

Ila parishi haiishi mimbarini peke yake. Uamsho wa Balokole ulipofika West Nile mwaka 1948, ukazaa kundi lililohubiri kwa vipaza sauti hadi likaitwa la wapiga tarumbeta, injili ilitoka ndani ya kanisa ikaenda sokoni na njia panda. Na hospitali ya Kuluva, kusini mwa Arua, iliyojengwa na ndugu wawili madaktari, Ted na Peter Williams wa AIM, ilipokea wagonjwa wa kabila lolote kutoka pande zote za mpaka. Wasomaji wa sayansi wanaijua Kuluva kwa sababu nyingine. Ted Williams alikuwa mmoja wa watu watatu waliofunga safari ndefu ya gari mwaka 1961 pamoja na Denis Burkitt, wakizunguka hospitali za Afrika Mashariki na Kusini kutafuta mipaka ya saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina la Burkitt, na rekodi za wagonjwa zilizotunzwa Kuluva kwa uangalifu mkubwa zilitumiwa baadaye na watafiti. Rekodi ni za Kiingereza. Lakini kabla muuguzi hajaandika lolote, mama Mkongo lazima amwambie mtoto ameanza kuvimba lini, na mara nyingi maneno yale hupita katika lugha ya tatu ambayo si ya yeyote kati yao.

Wengine waliokuja na Kiswahili nyumbani ni wafanyakazi. West Nile ilifanywa hazina ya vibarua. Wanaume walikwenda kukata miwa Lugazi na Kakira, au kulima pamba na kahawa Buganda, na wengi waliingia King's African Rifles. Waliporudi kiangazi, wakiwa na baiskeli na blanketi, walirudi pia na maneno. Wazee wa parishi tuliyoitembelea hutofautisha waziwazi Kiswahili cha miwa na Kiswahili cha jeshi. Cha kwanza kina hesabu, chakula, matusi na utani. Cha pili kina vitenzi tu, tena bila kiambishi cha nafsi.

Mmoja wa askari wa KAR alikuwa Idi Amin, aliyejiunga mwaka 1946 na ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko. Mwaka 1973 serikali yake iliuliza wilaya za Uganda lugha ya taifa iwe ipi. Wilaya 12 zilichagua Kiswahili, 8 Kiluganda, na mwezi wa Agosti Amin akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuitaja tarehe hiyo kwa fahari kidogo na aibu kidogo. Lakini tarehe inayokumbukwa zaidi katika parishi ni 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa. Aliyechaguliwa kushika nafasi yake alikuwa Silvanus Wani, askofu wa Madi na West Nile, Mkakwa kama Amin. Ni vigumu kufikiria kiti kigumu kuliko kile: kuongoza kanisa la mfiadini huku nchi nzima ikikutazama kama ndugu wa aliyemuua.

Tarehe 3 Juni 1979 majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan, na vita vikaisha. Wazee wengi wa Arua husema kwamba askari wa Tanzania walikuwa na nidhamu, na kwamba Kiswahili chao kilikuwa na "tafadhali" na "shikamoo", jambo lililowashangaza. Watanzania walipoondoka mwaka 1980, hali ilibadilika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo waliokuwa askari wa Amin walishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi jipya la Uganda, UNLA, likalipiza kisasi kwa raia. Mji wa Arua ukawa mtupu. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa UNLA. Askari wale walitoka sehemu mbalimbali za Uganda. Lugha waliyotumia kuwaamrisha watu ilikuwa Kiswahili. Simama. Kaa chini. Njoo hapa. Lete.

Nilipoelezwa hayo nilikumbuka orodha yangu ubaoni, na mpangilio wake.

Lakini simulizi haliishii hapo, na ndiyo sababu niliamua kuandika. Karibu watu wote wa Koboko na wengi wa Arua walivuka mpaka. Waliokwenda Sudan walikuwa hasa katika wilaya ya Yei, na maisha yao huko yameelezwa na Barbara Harrell-Bond katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu misaada ya wakimbizi. Waliokwenda Zaire waliingia Aru na vijiji jirani. Huko, Waanglikana wa Arua walikutana na makanisa ya Kikongo yaliyoanzishwa na AIM ile ile ya mwaka 1918. Nyimbo zilifanana, namna ya kusali ilifanana, lakini lugha ilikuwa Kibangala, na kwa waliosogea kusini kuelekea Bunia, Kiswahili cha Kongo: kile kinachosema "batoto" na "batu". Akina mama waliokuwa na watoto wagonjwa hawakuwa na nafasi ya kuchagua lugha. Mmoja wa wale wawili walioondoka darasani kwangu aliniambia baadaye kwamba Kiswahili alichojifunzia Zaire alikipata kwa kuomba chumvi, tena kwa mama wa kanisa aliyempa chumvi na kumsahihisha papo hapo. Ana Kiswahili viwili kichwani, anasema, na hakimjii kile cha chumvi anapopigiwa kelele.

Tangu katikati ya miaka ya 1980 watu walianza kurudi. Parishi zilianza upya kwa matofali, kiangazi baada ya kiangazi. Kisha wakimbizi wakaja upande wa pili. Wakongo wamekuwa Lobule, wilayani Koboko, tangu mwaka 2013. Wasudan Kusini walimiminika baada ya vita vya Desemba 2013 na tena Julai 2016. Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na zaidi ya watu 200,000. Wengi wao walikuwa waumini wa Kanisa la Kiaskofu, waliokuja na vitabu vyao vya sala, na baadhi ni wana wa watu waliowapokea Waganda huko Yei miaka ya 1980. Mkutano wa injili wa kiangazi unapofanyika siku hizi, mahubiri hutafsiriwa mara mbili au tatu, na mtu mwenye haraka asiende.

Hapa niwe mkweli kwa wanafunzi wangu, ambao walifika huko wakiamini kwamba Kiswahili ndicho ufunguo wa kila mlango. Sivyo. Kwa Wasudan Kusini wengi, Kiarabu cha Juba ndicho lugha ya kukutania. Lobule, Mkakwa wa Kongo na Mkakwa wa Koboko huongea Kikakwa na hawahitaji mtu wa katikati. Kiswahili kina kazi yake mahali mahususi: kwa mfanyabiashara wa Ariwara anayekuja Arua, kwa dereva wa lori la Mombasa, kwa kijana aliyesoma Kakuma, kwa mama wa Ituri kwenye foleni ya zahanati. Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watapelekwa West Nile wakiwa na mitaala ile ile niliyokuwa nayo mimi, na sura yake ya kwanza mara nyingi ni amri za darasani.

Siku ya pili tulifuta ubao. Wanafunzi wangu walikaa na akina mama wa Umoja wakati wa kuchambua ufuta, wakawauliza ni maneno gani wanayahitaji. Walitaka kujua namna ya kusema bei haipungui bila kumkasirisha mteja. Walitaka majina ya maumivu: ya kichomi, ya kuungua, ya kuvuta. Walitaka kumkaribisha mgeni na kumwuliza habari za alikotoka bila kuonekana wanampeleleza, jambo ambalo kwa Kiswahili sanifu si rahisi kama unavyodhani. Tulibishana juu yake nusu saa. Hali ya amri hatukuigusa hadi wiki ya pili, na tulipoigusa tulianza na "naomba uni-" badala ya kitenzi kitupu. Msomaji wa kanisa akasema mbona ndefu hivyo. Akina mama wakamjibu kwa Kilugbara, nikaona amekubali.

Wale akina mama wawili walirudi siku ya nne. Mzee hakurudi. Jumapili ya mwisho nilimkuta mlangoni mwa kanisa, akanisalimu kwa Kilugbara, "Mi ngoni?", nami nikamjibu "Muke", neno karibu pekee nililokuwa nimelishika. Akanisahihisha matamshi mara mbili, kwa subira, kisha akaingia kusali.